Nguvu ya Kuchanika ya Kitambaa cha Paa: Maana Yake na Kinachoiamua

Karatasi ya vipimo vya kitambaa cha paa huwa na namba mbili ambazo wanunuzi wengi huzichanganya: nguvu ya kukatika na nguvu ya kuchanika. Ya kwanza ni nguvu inayotakiwa kukata ukanda mzima usio na kasoro. Ya pili ni nguvu inayotakiwa kuendeleza mpasuko uliokwisha kuanza. Muuza vitambaa dukani huijua tofauti hii kwa mikono yake: hutia mkasi kidogo ukingoni, kisha kitambaa ambacho asingeweza kukikata kwa kukivuta hukichana bila jasho.

Vitambaa vya ujenzi ni vya aina mbili kuu. Kuna poliesta iliyopakwa PVC (aina ya plastiki), ndugu wa turubai la lori ila nzito na imara zaidi. Kuna pia nyuzi za kioo zilizopakwa PTFE (plastiki ijulikanayo kama Teflon), kama paa la kituo cha mahujaji katika uwanja wa ndege wa Jeddah, lililokamilika mwaka 1981 likiwa na mahema 210. Katika zote mbili nyuzi ndizo zinazobeba mzigo. Tabaka lililopakwa huzuia maji, hukinga nyuzi na jua, na hushikilia maungio.

Chukua poliesta ya daraja la pili la uimara, inayotumika sana. Ukanda wake wa upana wa sentimita 5 hukatika kwa takribani nyutoni 4,200, sawa na kuning'iniza kilo 430. Nguvu yake ya kuchanika ni kama nyutoni 500 tu, yaani kilo 50 hivi. Kitambaa hicho kina nyuzi 12 kwa kila sentimita, kwa hiyo ukanda ule una nyuzi 60, na kila uzi unabeba takribani nyutoni 70. Gawa 500 kwa 70, unapata 7. Hiyo ndiyo siri ya namba ya kuchanika: inakueleza, kwa makadirio, ni nyuzi ngapi zinazosaidiana kwenye ncha ya mpasuko. Zile nyingine hamsini na kitu zipo, lakini zamu yao haijafika.

Kinachoongeza idadi ya wasaidizi hao ni uhuru wa nyuzi kusogea. Mpasuko unapofunguka, nyuzi zilizo mbele yake huteleza, hujikusanya na kufanya kishada kidogo cha pembetatu kinachogawana mzigo. Tabaka likipenya sana katikati ya nyuzi, kila uzi hufungwa mahali pake na hukatika peke yake, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana kitambaa ambacho tabaka lake limegandamana vizuri mno kinaweza kuchanika kwa urahisi zaidi. Lakini tabaka likishika kidogo mno, maungio yaliyochomelewa hubanduka. Mtengenezaji hana budi kutafuta kati na kati. Ufumaji nao una sehemu yake: nyuzi zikipita mbilimbili badala ya mojamoja, nguvu ya kuchanika hupanda bila kuongeza uzito mwingi.

Nyuzi za kioo zina tabia nyingine. Hazichakazwi na jua kama poliesta, lakini hurefuka kidogo sana kabla ya kukatika, hivyo haziwahi kuwagawia jirani mzigo. Pia hazipendi kukunjwa. Mkunjo mkali mmoja, au mtu kukanyaga kitambaa kilichokunjwa, huvunja nyuzi ndani bila alama yoyote juu. Kitambaa hicho husafirishwa kikiwa kimeviringishwa kwenye bomba pana.

Unapolinganisha bidhaa, uliza kwanza jaribio lililotumika. Kubana kipande kimshazari ili ukingo wenye mpasuko ukaze kwanza hakutoi namba sawa na kuvuta ndimi mbili za kipande kwa pande tofauti.

Kuhusu urefukaji, nyuzi za mtande (zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa) hukazwa wakati wa kufuma na kubaki karibu kunyooka, ilhali za mshindio (zinazokwenda kwa upana) hupanda na kushuka juu yake. Paa likivutwa, mshindio hujinyoosha kwanza na kwa hiyo hurefuka zaidi. Ukivuta pande zote mbili kwa pamoja, mmoja ukinyooka mwingine hulazimika kujipinda. Jaribio la kuvuta upande mmoja haliwezi kuonyesha hayo. Vipande vya paa hukatwa vidogo kuliko umbo la mwisho kwa asilimia inayopatikana kwenye jaribio la pande mbili. Asilimia hiyo ikikosewa, paa hufanya makunyanzi au hukazwa kupita kiasi.

Kwa sababu hizi wahandisi mara nyingi hugawa nguvu ya kukatika kwa 5 au zaidi kabla ya kukubali mzigo. Hata hivyo paa huharibika, na mara nyingi chanzo ni kidogo: kona kali ya bamba la kubania, kebo inayosugua, kisu kilichoteleza wakati wa kufunga. Paa lililolegea hupigwapigwa na upepo na kukusanya maji. Maji ya kina cha sentimita 10 ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na kadiri paa linavyobonyea ndivyo maji yanavyozidi kuingia. Kwenye nchi za baridi theluji hufanya vivyo hivyo: Desemba 2010 iliangusha paa la uwanja wa michezo wa Metrodome mjini Minneapolis, Marekani, lililokuwa likishikiliwa juu kwa shinikizo la hewa, na vipande vyake vikachanika.

Ukiona mpasuko, legeza mkazo kwanza, usishone. Kata kiraka cha kitambaa kilekile, mtande wake uende sambamba na mtande wa paa, na pembe zake ziwe za duara, kwa kuwa pembe kali huanzisha mpasuko mpya. Kipite ncha za mpasuko kwa sentimita 5 au zaidi kila upande. Safisha, kausha, kisha chomelea. Kwenye PVC hewa ya moto inatosha. PTFE huhitaji pasi maalumu yenye joto la zaidi ya nyuzijoto 300 za Selsiasi, kazi ya fundi mwenye vifaa hivyo.