Dawa ya kufukuza wadudu: ni nini, na hatari yake iko wapi

Dawa ya kufukuza wadudu ni kemikali inayopakwa kwenye ngozi au nguo ili mbu au kupe asiume. Haimuui mdudu, inamvuruga asinuse vizuri jasho na pumzi ya mtu. Madukani Nairobi hupangwa rafu moja na koili na kopo za kupuliza, ilhali hizo mara nyingi zina pairethroidi, sumu ya kushambulia neva za mdudu. Asiyezitofautisha huishia kuogopa mafuta ya kupaka huku akilala kwenye moshi kila usiku.

Maarufu zaidi ni DEET, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946 na kuuzwa kwa raia kuanzia 1957. Asilimia iliyo kwenye chupa huonyesha muda zaidi kuliko ukali: 10% hukinga kwa takriban saa 2, 30% kwa saa 5 hivi, na kupita 50% huongezi kitu cha maana. Anayetoka Nairobi kwenda Kisumu au Kilifi, kwenye malaria, atatoshwa na 20 hadi 30%. Mama mjamzito anaweza kuitumia akifuata lebo, na aitumie, kwa sababu malaria ni tishio kubwa zaidi kwake. Mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe kabisa. Alale ndani ya neti. Dawa ya mkaratusi-limau, ingawa asili yake ni mmea, haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3.

Madhara ya DEET kwa kawaida huja ikizidishwa, ikimezwa au ikiingia machoni. Paka sehemu zilizo wazi tu, si chini ya nguo wala kwenye kidonda. Ya uso itie kwanza kiganjani. Mtoto usimpake mikononi, maana mikono itaenda mdomoni. Mafuta ya kukinga jua hutangulia, kisha hii. Ukirudi ndani, oga kwa sabuni. Ina tabia ya kuyeyusha plastiki, kwa hiyo futa vidole kabla ya kushika miwani au simu; nguo ya pamba haidhuriki.

Koili ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Utafiti wa mwaka 2003 ulikuta kwamba koili moja, katika aina zilizopimwa, ilitoa chembe laini za moshi sawa na za sigara 75 hadi 137. Sasa chukua bedsita ya futi 10 kwa 10 kule mtaa wa Pipeline, Nairobi, dirisha moja linalotazama ukuta wa ploti ya jirani, limefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, na koili inayowaka kwa saa 7 au 8 chini ya kitanda. Mwenye pumu atabanwa kifua, na godoro linaweza kushika moto. Neti isiyotoboka hufanya kazi hiyo bila moshi.

Ukipuliza kopo, funika chakula na maji, watu watoke, funga chumba kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, kisha fungua madirisha na mlango hewa ibadilike kabla ya mtoto kuingia. Chupa isiyo na lebo, hata ikisifiwa vipi kwamba inamaliza kunguni, usinunue: akiimeza mtu, daktari hatajua anatibu nini. Aliyemeza asitapishwe, kwani mafuta yaliyomo yanaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali pamoja na chupa.

Kwa mazingira, pairethroidi ni kali mno kwa samaki na nyuki. Hata ile ya asili, ya maua ya pareto yanayolimwa Molo, huua samaki, ila jua huivunja upesi. Za viwandani hudumu zaidi, hasa kwenye tope la mtoni. Mabaki yakimwagwa mtaroni huelekea Mto Nairobi, kisha Athi. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, mojawapo ya pairethroidi, usimpake paka: ini lake haliwezi kuivunja, na inaweza kumuua.