Feni Hainyamazi: Kabla Hujakata Waya

Mwalimu mmoja wa Kisauni alikuwa akitembea na spana namba 10 mkobani, pamoja na chaki na madaftari ya wanafunzi. Kila jioni akifika nyumbani, anazima gari, anafungua boneti, analegeza tamino ya betri. Asubuhi anairudisha. Alifanya hivyo miezi miwili mizima. Siku akisahau, feni ya rejeta inanguruma usiku kucha mpaka betri inakufa, na jirani wa dirishani keshauliza hiyo jenereta ameinunua lini.

"Fundi," akaniambia, "mimi nataka unikatie huo waya tu, basi. Nimechoka."

Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na ombi hilo la kukata waya nalisikia sana, hasa wakati wa kaskazi, joto likishafika nyuzi 32 au 33 kivulini na foleni ya feri Likoni haisogei. Huwa nakataa, na wengine hudhani nataka kuwala pesa. Feni ni mota tu, haina akili ya kujiwasha. Iko sehemu nyingine ya gari iliyoiambia izunguke, au sehemu hiyo imenyamaza na gari likaamua heri lipoteze umeme kuliko kuchemka. Magari mengi yameundwa hivyo makusudi: yakikosa habari za joto, feni inawashwa. Ukikata waya, utapata utulivu wa masikio, halafu siku moja daraja la Nyali, jua la saa saba, utaona moshi.

Kabla sijafungua boneti nauliza: haizimi wakati gani? Kuna gari linalozima injini na feni ikaendelea dakika chache kisha ikakoma. Hilo halina ugonjwa. Ukizima injini, pampu ya maji inasimama lakini chuma bado kina moto, kwa hiyo maji yaliyotuama yanazidi kupanda joto. Magari kadhaa, hasa ya Ulaya, feni yake ina ruhusa ya kufanya kazi bila ufunguo mpaka joto lishuke. Mwachie amalize. Kuna pia aliyewasha AC na kusahau, au aliyeelekeza upepo kwenye kioo cha mbele, na katika magari mengi huko kunaiwasha AC kimyakimya. AC ikifanya kazi feni nayo lazima izunguke, maana kondensa, inayopoza gesi ya AC, iko mbele ya rejeta na inataka upepo. Zima AC, subiri. Nimewahi kuletewa gari kwa kuburutwa kumbe shida ilikuwa kidude kimoja cha dashibodi. Sikuchukua hata shilingi, ila nilicheka sana.

Halafu kuna feni inayozunguka kwa haki kabisa kwa sababu injini inaungua kweli. Hapa kwetu chumvi ya bahari haina huruma. Pitisha kidole kwenye mapezi ya rejeta la gari lililolala miaka mitano karibu na ufuo wa Bamburi: yanasagika kama kachri. Rejeta bila mapezi ni mfuko wa maji ya moto tu, feni itapuliza siku nzima bila faida. Ndani nako, wengi humimina maji ya kisima, na visima vingi vya Mombasa vina chumvi unayoionja kwa ulimi. Maji hayo yanakula alumini na kuacha magamba njiani. Kwa hiyo injini ikiwa ya moto, gusa kwa uangalifu paipu ya juu na paipu ya chini ya rejeta. Ya juu inachoma na ya chini ni baridi? Maji hayapiti, tazama themostati (kile kilango kinachofunguka kwa joto kuyapitisha maji), au rejeta limeziba. Kofia ya rejeta usiifungue kwa wakati huo. Mfumo una mgandamizo, na ukiuachia ghafla maji yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Subiri mpaka uweze kushika rejeta kwa kiganja.

Na kanzu, leso, shungi, mkufu, vyote mbali na feni. Inaweza kuanza wakati wowote.

Hayo yakiwa sawa, injini baridi, AC imezimwa, na feni bado inazunguka, sasa tunarudi nyuma kwenye waya. Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu si magari yote yanaamriwa kwa njia moja.

Tuchukue Toyota 110, ambayo teksi wa Mombasa wanaijua kama kiganja chao. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 mambo yamepinduliwa. Kuna swichi ya joto iliyofungwa kwenye njia ya maji. Maji yakiwa chini ya nyuzi 83 hivi, swichi hiyo imeunganisha waya wake na bodi ya gari. Umeme unapita kwenye koili ya relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, na relei ikivuta, inaikatia feni umeme. Ndiyo, inaikatia. Maji yakifika nyuzi 93 hivi, swichi inaachia, relei inalegea, feni inaanza. Maana yake nini? Ule waya ukikatika, plagi ikichomoka, au kutu ya kijani ikila pini, gari linaona sawasawa na vile linavyoona maji yakiwa na moto. Ukiwasha ufunguo tu, hata alfajiri injini haijanguruma, feni hiyo.

Dereva mmoja wa 110 alinijia na kisa hiki hiki. Alishabadilishiwa swichi mara mbili kwingine, na bado. Nikawasha ufunguo, feni ikaanza. Nikachomoa plagi ya swichi, nikaugusisha waya wake kwenye bodi. Kimya. Basi waya ni mzima, relei ni nzima, na ubaya uko kwenye swichi yenyewe. Lakini swichi ni mpya! Nikaifungua. Aliyeifunga alikuwa ameizungushia tepu nyeupe ya mafundi wa bomba, mizunguko minene kama kilemba, ili maji yasivuje. Swichi ile haina waya wa pili. Inaipata bodi kupitia meno yake ya chuma. Tepu imeyafunika meno, umeme hauna pa kupita, na feni inaamini maji yanachemka. Nikaikwangua tepu yote, nikaweka washa mpya, ile pete ya kuziba maji, nikaongeza maji yaliyomwagika. Kazi ya nusu saa. Swichi mbili za bure alizolipia, Mungu atamrudishia.

Kama kuugusisha waya kwenye bodi hakukuinyamazisha, basi waya umekatika njiani au relei imekufa. Tahadhari moja: fundi akiazima relei ya honi kuijaribia feni ya gari la namna hii atajichanganya mwenyewe, kwa sababu relei hii inafanya kazi kinyume na ile. Linganisha mchoro uliochapwa ubavuni mwa relei kwanza.

Magari ya baadaye mengi, kompyuta ndiyo inayoamuru. Inasoma sensa ya joto la maji, ambayo ni kipingamizi kinachopungua joto likipanda: kwa sensa nyingi za Kijapani, karibu kilo-ohm 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na chini ya nusu kilo-ohm kwenye nyuzi 80. Mtu yeyote mwenye mita anaweza kuipima kwa sufuria ya maji jikoni, mradi mwenye jiko asimfumanie. Waya wa sensa ukikatika, kompyuta inasoma hasi 40. Mombasa! Hata friza ya samaki haifiki huko. Kompyuta inajua huo ni uongo, inawasha taa ya injini, inaandika msimbo P0118, na kwenye magari mengi inaiwasha feni kwa usalama. Waya ukishikana na bodi, inasoma moto wa kutisha, msimbo ni P0117, feni ni ile ile.

Kipimo ninachokipenda hakihitaji kufungua kitu. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, unganisha mashine ya kusomea kompyuta, utazame joto la maji. Linapaswa kuwa sawa na hewa ya nje, kwetu nyuzi 25 au 28 hivi. Ikikuambia 105 wakati umande bado uko kwenye kioo, basi umempata mwongo. Lakini usikimbilie kununua sensa. Chomoa plagi, tazama ndani. Hewa ya pwani inaingia kila tundu, na mara nyingi ninachokuta ni ule ukungu wa kijani kwenye pini. Dawa ya kusafishia, mswaki wa zamani, grisi kidogo, na gari linarudi nyumbani. Kama AC ndiyo inayotuhumiwa, sensa ya mgandamizo wa gesi nayo inaweza kusema uongo wa namna hiyo hiyo. Hiyo ipelekee mtu mwenye geji za gesi.

Turudi kwa mwalimu. Gari lake feni ilizunguka hata ufunguo ukiwa mkobani, kwa hiyo kompyuta sikuitia hatiani, ilikuwa imelala. Nikachomoa relei ya feni, feni ikasimama. Nikapima soketi: upande wa koili hakuna amri yoyote. Relei haikuambiwa kitu na bado inapitisha umeme. Nikaipasua kifuniko kwa kisu, nikamwonyesha: vidole viwili vya ndani, vinavyotakiwa kugusana na kuachana, vimelehemika vikawa kimoja. Nikamwekea mpya. Akafurahi, akaniachia na ya chai.

Baada ya wiki tatu akarudi na ile spana mkononi. Hakusema neno, aliinyanyua tu nikaiona.

Kosa lilikuwa langu. Relei hailehemiki yenyewe. Ningeizungusha feni kwa mkono siku ile ya kwanza, betri ikiwa imetolewa, ningehisi: feni nzima inateleza na kuzunguka mara kadhaa baada ya kuisukuma, hii ilikwama robo mzunguko, na ndani ikisaga kama mchanga. Bushi zake, zile pete zinazoshika mhimili wa mota, zilikuwa zimekwisha. Mota nzito inavuta umeme mwingi, na mita ya kubana waya ilionyesha karibu mara mbili ya ninaoupata kwa feni ya gari kama lile. Umeme huo wote unapita kwenye vidole vya relei. Nikabadilisha mota na relei nyingine, na safari hii ya relei nililipa mimi.

Kwa anayejiuliza betri huchukua muda gani: feni inayovuta ampia 12 kwenye betri ndogo ya ampia-saa 36, hesabu ya darasa la nne inakupa saa tatu, na betri iliyozeeka haifiki huko.

Limebaki moja ambalo ninakutana nalo kuliko yote, nalo si hitilafu. Ni dairekti. Zamani gari lilichemka, fundi fulani akavuta waya, mara nyingi waya mwembamba wa spika, kutoka kwenye ufunguo hadi kwenye feni, akazungusha tepu nyeusi, na mara nyingi akang'oa na themostati, maana "gari za pwani hazihitaji". Mwenye gari akaliuza. Aliyenunua anashangaa feni haizimi. Watu wa dairekti hawanipendi nikisema haya, lakini dairekti peke yake, themostati ikiwepo, haiui injini. Themostati itajifunga na injini itapata joto lake, utapoteza tu maisha ya mota na kuichosha altaneta inayochaji betri. Ubaya ni zikiungana mbili. Maji yanazunguka bila kizuizi, feni inapuliza bila kukoma, injini haifiki nyuzi 80 zake, kompyuta inadhani gari bado ni la asubuhi na inaendelea kumimina petroli nyingi. Ukilalamika linakula mafuta, unaambiwa ni plagi za injini. Na ule mwembamba wa spika haukuumbwa kubeba umeme wa feni. Nimeona umeyeyuka ukashikana na bomba. Kuurudisha mfumo wa asili huchukua siku nzima, kwa sababu kwanza inabidi kumjua aliyechemsha gari: pampu, rejeta, au gasketi ya kichwa. Hiyo ndiyo bei ambayo mwenye gari hapendi kuisikia, na simlaumu.

Yule dereva wa 110, usiku ule ule wa kazi yake, alinipigia simu saa nne. Yuko kwenye foleni ya feri, injini inanguruma, sauti yake juu.

"Fundi! Feni imezima!"

"Geji ya joto yasemaje, mzee?"

Kimya kidogo. "Iko katikati."

"Basi tulia. Ngoja."

Nikangoja naye kwenye simu. Nasikia honi, nasikia muuza korosho anapita. Baada ya dakika moja na kitu nikaisikia feni ikianza yenyewe, ikapuliza, ikakoma.

"Sasa imefanya nini?" akauliza.