Hita za zamani kwenye fleti: kabla hujazing'oa, angalia mita

Kwenye fleti nyingi za Uingereza zisizo na bomba la gesi, ukutani kuna zile hita nzito za umeme zenye matofali ndani. Alfajiri zinachoma, jioni watu wakirudi kazini zimeshapoa. Wanaotujia kwa ushauri wa nishati huwa wamechoka nazo, na baadhi yao wameshaahidiwa na muuzaji kwamba hita nyembamba za paneli "zinakula umeme kidogo". Tunawaomba wasisaini kwanza.

Hita yoyote ya kawaida ya umeme, iwe ya matofali, ya paneli au ile ndogo ya bei rahisi dukani, hugeuza uniti moja ya umeme kuwa uniti moja ya joto. Hakuna inayozidi hapo. Kinachobadilisha bili ni saa uliyonunua umeme huo. Mpango wa Economy 7, ulioanza mwaka 1978, huuza umeme kwa bei ya chini kwa saa 7 za usiku, na mchana bei hupanda. Matofali yale kazi yake ni kujaa joto usiku na kulitoa mchana.

Tupige hesabu. Hita ya kilowati 2.55 ikijazwa kwa saa 7 huchukua karibu uniti 18. Tuseme usiku uniti ni peni 14 na mchana ni peni 30. Bei halisi utaiona kwenye bili yako. Usiku utalipa pauni 2.52, na uniti hizo hizo mchana ni pauni 5.40. Maana yake, paneli inayowaka mchana inabidi itosheke na uniti kama 8 tu ili gharama zilingane. Kwa anayeishi peke yake, anatoka asubuhi na kurudi usiku, inawezekana. Kwa mzazi mwenye mtoto mchanga, au mzee anayeshinda ndani, ni balaa la bili.

Tunachowashauri wengi ni hita mpya za matofali. Zimefunikwa vizuri zaidi ndani, kwa hiyo joto halivuji ovyo. Zina feni, thamostati na saa ya kupanga kila siku ya wiki, na jioni bado zina joto la kutoa. Pampu ya joto ya hewa, inayofanana na kiyoyozi cha ukutani, ndiyo yenye nafuu kubwa: uniti moja ya umeme huweza kuleta joto la uniti tatu hivi. Ila inahitaji mashine nje ya ukuta, na kwenye fleti ukuta wa nje mara nyingi si wako. Omba ruhusa kwa mwenye jengo kwanza.

Jambo ambalo watu hawaambiwi ni nyaya. Hita za zamani kwa kawaida zimeungwa kwenye laini ya usiku peke yake. Ukifunga paneli pale pale, mchana itakaa baridi kama jiwe. Hita nyingi mpya za matofali nazo huhitaji laini mbili, ya usiku ya kujazia na ya saa zote ya feni na vidhibiti. Hii ni kazi ya fundi umeme aliyesajiliwa. Muulize pia kuhusu mita: zile za zamani zinazobadilisha bei kwa mawimbi ya redio, huduma yake ilianza kuzimwa kwa awamu kuanzia 30 Juni 2025. Kama unayo, ipigie sasa kampuni inayokuuzia umeme.

Kama bado hujapata fedha za hita mpya, kuna swichi mbili za kuzungusha juu ya hita ya zamani. Moja huamua joto la kuingia usiku, nyingine hufungua mlango wa kulitoa. Hiyo ya pili ifunge kabisa kabla ya kulala. Tunakuta nyumba nyingi imeachwa wazi, joto limekwisha kabla jua halijachomoza.

Usijaribu kuifungua hita mwenyewe. Zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970 huweza kuwa na asbesto, na matofali yake ni mazito mno.

Mpangaji, hita ni mali ya mwenye nyumba au halmashauri. Waandikie kabla ya Oktoba: chumba kipi hakipati joto, kuanzia saa ngapi, kama kuna ukungu ukutani upige picha, na uambatanishe bili za msimu wa baridi uliopita.