Kabla hujapendekeza riwaya ya fantasia, uliza aliyoiacha njiani

Mtu akisema anataka kuanza kusoma fantasia au bunilizi za kisayansi, mara nyingi hutajiwa vitabu anavyovipenda yule anayejibu. Hapo ndipo pendekezo linapoharibika. Anapewa The Wheel of Time, juzuu 14 zilizotoka kati ya 1990 na 2013, tatu za mwisho zikimaliziwa na Brandon Sanderson baada ya mwandishi wake, Robert Jordan, kufariki mwaka 2007. Kisha anaambiwa avumilie, mambo yatanoga huko mbele. Mgeni gani hukaribishwa kwa kuachwa uani siku nne?

Siulizi "unapenda nini", maana jibu huwa ni jina la filamu. Nauliza: kitabu gani ulikiacha, na ulikiachia wapi? Aliyeachia ukurasa wa 20 ameshindwa na lugha. Aliyefika wa 150 ameshindwa na mwendo. Aliyebakiza sura tatu akakitupa amekosana na mwandishi mwenyewe, kwa kawaida kwa sababu mwandishi amevunja sheria alizoziweka. Ni maradhi matatu, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na lile la ukurasa wa 20, kwa kuwa ndilo linalofukuza wengi. Fungua kurasa kumi za mwanzo uhesabu maneno ya kubuni ambayo maana yake haijitokezi kwenye ukurasa huohuo. Hadi matano, msomaji mgeni atapita bila shida. Yakifika kumi na zaidi, mwonye kabla hujampa. Dune ya Frank Herbert (1965) inavuka kiwango hicho mapema: Bene Gesserit, gom jabbar, Kwisatz Haderach, yote yanakuja kabla hujajua nani ni mama wa nani. Nyuma ya kitabu kuna faharasa ya istilahi, na wengi huigundua wakiwa wamekwisha maliza. Mwambie mtu tangu mwanzo kwamba ipo, ila asiikimbilie kila mara. Asome sura mbili za kwanza akikubali kutoelewa, ndipo aifungue.

Msomaji wa Kiswahili ana upenyo ambao wengine hawana. Herbert alichota sana Kiarabu kuunda lugha ya watu wake wa jangwani. Mahdi na jihadi hatuhitaji kuelezwa. Lisan al-Gaib linafumbuka lenyewe kwa aliyezoea tenzi na maneno kama lisani na ghaibu, na Muad'Dib lina mwangwi wa adabu. Ukimpa mtu Dune, mdokezee hilo. Nusu ya ukuta inaanguka papo hapo.

Jambo lingine kuhusu Dune ni kwamba kitabu chenyewe kinamtaja msaliti mapema kabisa. Anayesoma akisubiri kushtushwa ataona mwandishi kaharibu, kumbe mchezo si nani atasaliti, ni kuwatazama watu wakiufuata mtego ambao wewe umeshauona. Nukuu zinazofungua kila sura hufanya kazi hiyohiyo, kwani zinazungumza kana kwamba yote yalishapita na kuandikwa. Asiyezipenda hatakipenda kitabu, na si kosa lake.

Ikiwa lugha ndiyo iliyomshinda, mpe kifupi. Tuzo ya Hugo, ya fantasia na bunilizi za kisayansi, huhesabu riwaya kuanzia maneno 40,000, na chini yake, kuanzia 17,500, iko novela. Novela ni mlango mzuri kuliko hadithi fupi, kwa sababu msomaji anapata muda wa kuizoea dunia ngeni, lakini si mrefu wa kumchosha. Binti ya Nnedi Okorafor (2015), iliyopata tuzo za Hugo na Nebula, ndiyo ninayoitoa kwanza. Msichana wa Kihimba, watu wa Namibia, anatoroka kwao kwenda chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine, na ndani ya kurasa chache yuko chomboni na mambo yameharibika. Ina dosari. Suluhu ya mwisho inakuja haraka mno ukilinganisha na damu iliyomwagika, na mwenye jicho kali atauliza jinsi watu walivyosamehe upesi vile. Nalisema hilo mapema. Pendekezo lisilotaja dosari ni tangazo la biashara.

Kwa anayetaka uchawi badala ya anga, A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin (1968) ni nyembamba, na uchawi wake unaeleweka kwa sentensi moja: ukilijua jina la kweli la kitu, unakimiliki. Onyo lake ni sauti. Inasimuliwa kwa mbali, mazungumzo machache, kama mzee anayesimulia habari za shujaa wa kale. Aliyezoea kukaa ndani ya kichwa cha mhusika ataona baridi. Wanawake pia ni haba humo. Anayeudhika na hilo asikate tamaa, kwa sababu cha pili, The Tombs of Atuan (1971), kinamfuata msichana na kwa maoni yangu ndicho bora katika mfululizo.

Mwendo ni habari nyingine. Hapa kinachosaidia ni kutaja mahali hasa kitabu kinapofunguka. The Left Hand of Darkness ya Le Guin huyohuyo (1969) inaanza na siasa za baraza la mfalme, inapita kwenye nchi ya pili yenye urasimu mzito, kisha watu wawili wanaingia kwenye barafu na kila kitu kinabadilika. Aliyeacha kabla ya barafu hajakisoma kitabu. Mwambie hivyo, umpe na ruhusa ya kupitisha macho haraka kwenye sura za hekaya zilizopachikwa katikati, kwa sharti kwamba atazirudia.

Riwaya hiyo ina jambo la kuchekesha kwetu. Watu wake hawana jinsia ya kudumu, na Kiingereza kilimlazimu mwandishi achague kiwakilishi. Alichagua cha kiume kwa wote, akalaumiwa kwa miaka mingi, na baadaye yeye mwenyewe akabadili msimamo kuhusu uamuzi huo. Kiswahili kisingepata kizunguzungu hicho. "Yeye" na "alikuja" havisemi mume wala mke. Mfasiri wa Kiswahili angeanza kazi akiwa amepewa bure kile ambacho mwandishi alikihangaikia, ingawa angepata taabu kwingine: msimulizi ni mwanamume wa kutoka nje anayeendelea kuwaona wenyeji kama wanaume, na upofu wake huo umejificha katika kiwakilishi kilekile.

The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien (1954–1955) hukwamisha watu sehemu mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni dibaji ndefu kuhusu hobiti, watu wafupi wa kubuni wa hadithi hiyo. Irukwe, hakuna kitakachopotea. Ya pili ni Baraza la Elrond, sura ndefu ambamo watu wamekaa wanapeana taarifa. Hiyo isirukwe, isomwe kwa kikao kimoja, kwa kuwa ukiikata vipande utasahau nani kasema nini. Na tuache kuiita riwaya tatu. Ni moja, yenye vitabu sita ndani yake, iliyogawanywa juzuu tatu wakati wa kuchapwa. Anayemaliza juzuu ya kwanza akilalamika kwamba haina mwisho analalamika kwa haki, ila lawama si ya hadithi.

Mpangilio wa kusoma huzua ugomvi usio na maana, na kanuni yake ni fupi: fuata jinsi vilivyotoka, si jinsi matukio yalivyofuatana. Mwandishi anaporudi nyuma kueleza asili ya mambo, huandika akijua kwamba unaijua siri. Matoleo mengi ya Narnia, mfululizo wa C.S. Lewis, huweka The Magician's Nephew (1955) kuwa namba moja kwa sababu inaeleza jinsi nchi ile ilivyoumbwa. Matokeo yake, taa ya barabarani iliyosimama peke yake katikati ya msitu wenye theluji, ambayo katika The Lion, the Witch and the Wardrobe (1950) ni fumbo, inageuka kitu ulichokwisha elezwa. Foundation ya Asimov iko vivyo hivyo: anza na ya 1951, wala usianze na Prelude to Foundation ya 1988. Muonye pia msomaji kwamba ile ya 1951 ilikusanywa kutokana na hadithi za jaridani, na kila sehemu inaruka miaka mingi na kuwaacha wahusika nyuma. Anayesoma ili ashikamane na mtu mmoja atalia.

Kanuni hiyo inavunjika kwa Discworld ya Terry Pratchett. Vitabu ni 41, na cha kwanza, The Colour of Magic (1983), ni mzaha juu ya fantasia za zama zake; usipozijua unacheka nusu. Mtu aanze na Mort (1987), Guards! Guards! (1989), au Small Gods (1992), ambayo inasimama peke yake kabisa. Ukimpa mtu cha kwanza kwa sababu tu ni cha kwanza, umemnyima arobaini vilivyobaki.

Sasa wale waliokosana na mwandishi. Katika bunilizi za kisayansi, ugomvi kwa kawaida ni juu ya ukweli wa sayansi, na hapo nina msimamo: kosa moja lililowekwa mlangoni husameheka, kosa la katikati halisameheki. The Martian ya Andy Weir inaanza na dhoruba inayomwacha mwanaanga peke yake kwenye Mars. Shinikizo la hewa huko halifiki asilimia 1 ya lile la duniani, kwa hiyo upepo hata uwe na kasi kubwa namna gani hauna nguvu ya kuangusha chombo. Mwandishi alilijua hilo na amekiri. Lakini baada ya hapo anahesabu kalori, maji na hewa kwa uaminifu, na hadithi inasimama juu ya hesabu hizo. Kitabu kinachofanya kinyume chake, sahihi mwanzoni kisha kikamwokoa shujaa kwa kifaa ambacho hakikutajwa, ndicho kinachotupwa kikibakiza sura tatu.

The Three-Body Problem ya Liu Cixin, iliyopata Hugo mwaka 2015 kwa tafsiri ya Ken Liu, huwagawa watu kwa sababu tofauti. Mawazo ni makubwa kweli, watu wake ni wembamba kama karatasi. Usimpe anayesoma kwa ajili ya wahusika. Mpe anayependa mafumbo ya fizikia, umwambie pia kwamba tafsiri ya Kiingereza imeanzia Mapinduzi ya Utamaduni ya China, ilhali toleo la kitabu la Kichina liliweka sura hizo ndani zaidi.

Kwa anayesema "mimi mambo ya roketi siyawezi", Kindred ya Octavia Butler (1979) haina mashine hata moja. Mwanamke Mweusi wa 1976 anavutwa kurudi nyuma kwa wakati hadi shamba la watumwa la Maryland, na namna ya safari haielezwi kamwe. Butler mwenyewe hakuiita bunilizi ya kisayansi. Ukatili wake lazima utajwe, sawa na The Fifth Season ya N.K. Jemisin (2015), inayoanza na mama aliyekuta mtoto wake ameuawa. Jemisin anaongeza kikwazo cha pili, kwani sehemu ya hadithi iko katika nafsi ya pili: wewe umefanya, wewe umeona. Mfululizo huo ulishinda Hugo miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, na bado wapo wasioivumilia "wewe" hiyo. Waache. Sababu ya kuitumia inakuja, na kuieleza ni kumwaga mtama.

Juu ya kumwaga mtama: robo ya kwanza ya kitabu unaweza kuizungumza, zaidi ya hapo nyamaza. Hata "subiri uone mwisho wake" ni kuharibu. Msomaji ataacha kusoma na kuanza kupeleleza.

Aliyesoma Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) tayari ameshaingia nchi iliyo angani, amemsikia Karama akijitetea kwa habari za wajumbe sita, na amezoea nchi ya kubuni inayotumika kuihukumu ya kweli. Huyo si mgeni hata kidogo. Mpe The Dispossessed ya Le Guin (1974): sayari mbili zinazotazamana, sura zikipokezana kati ya moja na nyingine. Mdokezee tu kwamba kupokezana huko ni kwa nyakati pia, la sivyo atafika sura ya pili adhani amechanganya kurasa.

Na usisahau kusema kama mfululizo umekamilika. A Song of Ice and Fire wa George R.R. Martin ulianza 1996, juzuu ya tano ikatoka 2011, na mbili zilizopangwa bado. Wapo wasiojali. Wapo ambao hawatakusamehe.

Akirudi kukwambia ameshindwa tena, usikitetee kitabu. Muulize ukurasa. Kama Dune imemshinda kwa maneno, Binti. Kama ni kwa sababu hakumwona mtu wa kumpenda, Kindred. Kama alipenda jangwa tu na fitina zikamchosha, mpe ile ya barafu, maana ni jangwa vilevile, jeupe.