Hatifungani kumi zaweza kuwa hatari moja

"Nina hatifungani kumi tofauti, kwa hiyo nimeshatawanya hatari." Kauli hii husikika sana, na ina kasoro. Hatifungani ni cheti cha mkopo: unaikopesha serikali au kampuni, inakulipa riba, na muda ukiisha, yaani ikiiva, inakurudishia fedha yako. Cha kuhesabu si vyeti, bali mambo yanayoweza kukutia hasara.

Chukua hatifungani ya miaka 10 inayolipa 5% kwa mwaka, uliyoinunua kwa 100. Riba ya soko ikipanda leo hadi 6%, bei yake hushuka hadi karibu 92.6, kwani nani atatoa 100 apate 5 wakati kwingine anapata 6? Ya miaka 2, kwa badiliko lilelile, hushuka hadi 98.2 tu. Basi ukishika kumi za muda mrefu, hata kama zimetolewa na wakopaji kumi, zitashuka pamoja. Ni kweli, ukisubiri ziive, mkopaji mwaminifu atakulipa 100 yako kamili. Ila mfumuko wa bei utakuwa umeitafuna.

Halafu yupo mkopaji mwenyewe. Ugiriki ilipopanga upya deni lake mwaka 2012, wakopeshaji binafsi walikatwa 53.5% ya thamani iliyoandikwa kwenye hatifungani zao, za muda mfupi na za muda mrefu.

Kwa hiyo changanya wakopaji, na changanya muda. Mimi ningeanza na muda, kwa kuwa ni rahisi: panga ziive kwa zamu, moja mwaka huu, nyingine mwakani, na kila inayoiva uiwekeze upya kwa riba ya wakati huo.