Vitonge vya korosho na ufuta bila kuoka: maswali na majibu

Huku Mtwara mtu anaweza kupeleka magunia ya korosho ghalani asubuhi, jioni akarudi nyumbani na pakiti ya biskuti kwa ajili ya watoto. Simlaumu mtu, maana nami nimefanya hivyo miaka na miaka. Ila tangu nianze kugawia majirani zangu hapa Chikongola vitonge vya korosho, karanga, ufuta na tende, maswali hayaishi mlangoni. Haya ndiyo yanayorudi kila mara.

Dada, hivi si kashata tu umezipa jina jipya?

Ni ndugu wa kashata. Kashata inashikana kwa sukari iliyoyeyushwa jikoni. Kitonge kinashikana kwa unato wa tende na mafuta yanayotoka kwenye karanga zenyewe, kwa hiyo sukari ya pakiti haiingii kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima, sawa na vijiko 6 vya chai. Soda moja ya mililita 350 inakaribia gramu 37, kwa hiyo ukiimaliza umeshapita. Na wanaoniambia "mimi natumia asali", asali nayo ipo kwenye hesabu hiyohiyo. Tunda zima kama tende halimo, ingawa ni tamu.

Unavitengenezaje? Sina blenda.

Blenda ya nini wakati kinu kipo? Chukua kikombe kimoja cha korosho zilizobanguliwa, nusu kikombe cha karanga, vijiko 4 vya chakula vya ufuta, kikombe kimoja cha tende zilizotolewa kokwa, vijiko 2 vya unga wa ubuyu na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Usinunue korosho nzima za bei mbaya. Nunua vipande, maana vyote vinaenda kupondwa.

Kaanga ufuta bila mafuta, moto mdogo, mpaka uanze kurukaruka kwenye sufuria. Ukingoja ubadilike rangi sana umechelewa, utakuwa mchungu. Kaanga karanga, zipoe, sugua maganda, pepeta. Twanga ufuta kwanza, kisha karanga, kisha korosho. Mwanzoni utasikia mchi unagonga pakavu. Baada ya dakika chache mlio unazibika, unga unaanza kupanda ukutani mwa kinu na kung'aa, na mchi unatoka umeshikiwa. Hapo mafuta yameshatoka, tia tende. Ukizitia mapema zitabaki mabonge na karanga zitakuwa punje. Malizia na ubuyu na chumvi, paka viganja maji kidogo, viringisha. Utapata vitonge 24 hivi vya ukubwa wa ndimu ndogo, kila kimoja kina kalori kama 75.

Ufuta lazima utwangwe. Punje nzima hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia, na madini yake yanapita nayo.

Bila kuoka maana yake bila moto, siyo?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Hatuoki kitonge, lakini vilivyomo vimepita motoni kabla. Kuna watu wanaongeza unga mbichi wa mahindi au wa lishe ili mchanganyiko ushikane. Vijidudu vya unga mbichi havijauawa na moto, na kwenye kitonge hakuna mapishi ya kuviua baadaye. Ukitaka unga, ukaange mkavu kwanza huku ukigeuza kwa mwiko, unukie na ubadilike rangi wote, siyo wa chini tu.

Korosho nazo, zitumie zilizokwisha kubanguliwa na kukaangwa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi na kutoa malengelenge. Wabanguaji wanajua, angalia vidole vyao. Anayechoma korosho ghafi uani ajue yale mafuta hushika moto ghafla na moshi wake unawasha macho na kifua, kwa hiyo watoto wakae mbali.

Nasikia karanga zina sumu. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?

Ni kweli, ila siyo karanga zote. Sumu yenyewe inaitwa sumukuvu, inatengenezwa na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyopata unyevu, shambani au stoo. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa mahindi. Hiyo ni ile ya kula nyingi kwa mkupuo. Ya kula kidogo kidogo kwa miaka haionekani, inasumbua ini na kuongeza hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Kibaya ni kwamba sumukuvu haina harufu wala rangi unayoweza kuitegemea, na kukaanga hakuiondoi yote. Kinga yako ni mikono na macho. Mwaga karanga kwenye ungo, kaa penye mwanga, chambua. Iliyosinyaa, iliyotobolewa na wadudu, yenye weusi au ukungu wa kijani au njano, itoe. Ukitafuna ukakuta chungu, iteme. Usione huruma ukawapa kuku, maana sumu itawadhuru na wao pia.

Mimi sinunui karanga zilizosagwa tayari mtaani. Si kwamba wauzaji wote ni wabaya, ila ikishasagwa huwezi kujua nini kiliingia. Nanunua zenye maganda ya nje nikizipata, nabangua mwenyewe, kavu. Wapo wanaozilowesha maji ili maganda yalainike na mkono usiume. Maji hayo ndiyo chakula cha ukungu. Inasikitisha, kwa sababu karanga ni kitu chetu: Waingereza walikuja Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940 na mradi wao mkubwa wa karanga, wakajenga na reli kutoka Mtwara, mwaka 1951 wakaacha. Karanga zikabaki kwa mkulima wa jembe, na kituo cha utafiti cha Naliendele kimemtolea hadi mbegu zenye majina ya nyumbani, Mangaka, Masasi, Nachingwea. Mbegu nzuri ikianikwa chini kwenye udongo na kufungwa kwenye kiroba haijakauka, inaharibika kama mbegu nyingine yoyote.

Mtoto wangu ana miezi minane. Nimpe?

Kitonge hapana. Kinanata, na karanga nzima au kipande kigumu kinaweza kumkaba. Karanga na korosho nzima mngojee afike miaka mitano. Kwa sasa chukua kijiko kidogo cha mchanganyiko uliosagwa laini kabisa, ukoroge kwenye uji. Mara ya kwanza kidogo sana, asubuhi, siku ambayo upo naye. Akitoka vipele, akivimba midomo au akianza kupumua kwa shida, usingoje dawa ya jirani, kimbia kituo cha afya. Na asali isiguse mdomo wa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata kwenye uji: inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi.

Nina mimba ya miezi mitano, damu yangu imeshuka. Vitanisaidia?

Vitasaidia kidogo, kama chakula. Ufuta na korosho vina madini chuma, na ubuyu una vitamini C inayosaidia mwili kuyachukua, ndiyo maana naung'ang'ania kwenye mchanganyiko. Lakini usishushie na chai ya rangi, chai inayazuia. Kunywa maji, chai ije baada ya saa nzima au zaidi. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki endelea navyo kama ulivyoelekezwa.

Shemeji yako ana kisukari. Si umesema havina sukari?

Nimesema sukari ya pakiti, dada yangu. Tende ina sukari yake, tena nyingi. Mtengenezee vya kwake: punguza tende ziwe nusu, ongeza karanga, na ale kimoja badala ya kitafunwa kingine, siyo juu yake. Apime aone mwili unasemaje. Na siku sukari ikimshuka, akatetemeka na kutoka jasho, usimpe kitonge. Mafuta yanachelewesha. Mpe kinachoingia haraka, maji ya sukari au juisi, mradi ana fahamu na anaweza kumeza.

Mimi ni bodaboda, natoka alfajiri. Nikila kumi vitanifikisha mchana?

Kumi ni kalori 750, huo ni mlo mzima na unabaki bila mboga. Viwili au vitatu na maji vinatosha kukusogeza mpaka mlo. Tende inakupa nguvu mapema, karanga na korosho zinafuata polepole, ndiyo tofauti na andazi na soda. Kuhusu ile nguvu nyingine mliyoniuliza kwa kucheka: anayekuuzia korosho kwa sifa hiyo anauza sifa.

Vinakaa siku ngapi?

Kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, wiki moja, na joto la Novemba likizidi, siku tano. Kwenye friji, mwezi. Ukiweka nazi mbichi iliyokunwa hesabu inabadilika kabisa. Mara ya kwanza niliitia, nikaacha bakuli mezani siku mbili, nilipofunua harufu ilikuwa ya tui lililochacha. Nazi mbichi ni ya kuliwa siku hiyohiyo. Kitonge kikianza kunuka kama rangi ya mafuta, karanga zimechacha, tupa.

Tende ni ghali ikishapita Ramadhani. Sisi Newala tuna mabibo yanaoza chini ya mikorosho, hayafai?

Bibi aliyeuliza hili amenishinda, nikaenda kujaribu. Yanafaa. Okota yaliyoanguka siku hiyo, yasiyopasuka, osha, kata vipande vyembamba. Bibo lina ukakasi unaokamata koo, kwa hiyo vichemshe dakika chache kwenye maji yenye chumvi kidogo, chuja, anika juu ya chekeche lililofunikwa chandarua, juani mpaka vipindike kama ngozi bila kunata maji. Vitamini C ya bibo bichi inalizidi chungwa mara kadhaa, ingawa moto na jua vinapunguza. Utamu haufiki wa tende. Mimi naweka mabibo makavu robo tatu na tende robo, natwanga muda mrefu zaidi, na vitonge vinatoka vyeusi kidogo, na uchachu ambao watoto wangu sasa wanaupenda kuliko vile vya mwanzo.