Nusu ya sentensi iliyoachwa Kaunas

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma karatasi za watu waliokimbia makwao: pasipoti, vibali, barua za utambulisho, vyeti vilivyolowa mvua vikaanikwa juani. Mtu akiniwekea bahasha yake mezani, sianzi na jina. Natafuta mahali njia ilipokatika. Karatasi za safari hushikana kama pete za mnyororo. Nchi unayopitia haikuruhusu kupita mpaka uoneshe nchi itakayokupokea, na nchi uliyomo haikuachii utoke mpaka uoneshe utakakopita. Pete ya mwisho ikikosekana, zilizotangulia hazina kazi. Nimewaona watu wakikaa miaka kambini kwa kukosa mhuri mmoja, ndiyo maana habari ya Mholanzi Jan Zwartendijk hainitoki kichwani.

Wasomaji wengi wanaofuatilia habari za waliowaokoa Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili wanamjua Oskar Schindler. Baadhi wanamjua pia Chiune Sugihara, mwanadiplomasia wa Japani aliyetoa viza katika mji wa Kaunas, Lithuania. Zwartendijk hatajwi sana. Hilo linaniuma, kwa sababu viza nyingi za Sugihara zilisimama juu ya karatasi za Zwartendijk.

Hakuwa hata mwanadiplomasia. Alizaliwa Rotterdam mwaka 1896, na mwaka 1940 alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya Philips nchini Lithuania, akiuza redio na balbu. Mwezi Mei Wajerumani waliivamia Uholanzi na kuiteka kwa siku chache tu. Konsuli wa Uholanzi aliyekuwapo Kaunas alishukiwa kuwaunga mkono Wanazi, hivyo L.P.J. de Decker, balozi wa Uholanzi aliyekaa Riga, mji mkuu wa nchi jirani ya Latvia, akamwomba Zwartendijk ashike nafasi hiyo. Akakubali. Mwezi Juni majeshi ya Kisovieti yakaingia Lithuania. Nchi ilikuwa imejaa Wayahudi waliokimbia Poland tangu Septemba 1939, na sasa Wajerumani walikuwa upande mmoja, Wasovieti wamewazunguka, na mlango wa kutokea hauonekani popote.

Hapa ndipo sentensi yenyewe inapoingia. Uholanzi ilitawala Suriname na visiwa vya Karibi, kikiwamo Curaçao. Utaratibu wa huko ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza: mgeni hahitaji viza ya kuingia. Ya pili: hata hivyo hashuki melini bila kibali cha gavana, na kibali hicho kilitolewa kwa nadra sana. Mama mmoja, Pessla Lewin, Myahudi aliyekuwa na uraia wa Uholanzi kabla ya kuolewa na Mpoland, alimwandikia de Decker kuomba njia ya kutoka. Alipojibiwa kuhusu kibali cha gavana, aliandika tena: je, haiwezekani kuandika sehemu ya kwanza tu na kuiacha ya pili? De Decker akamwambia atume pasipoti. Ilirudi na maneno ya Kifaransa yaliyosema kwamba kwa kuingia Suriname, Curaçao na milki nyingine za Uholanzi Amerika, viza haihitajiki. Yakaishia hapo.

Niliulizwa wakati mmoja kama huo ulikuwa uongo. Mimi nasema hapana. Kila neno lililoandikwa lilikuwa kweli. Kilichofanyika ni kunyamaza mahali ambapo kusema kungefunga mlango, na anayejua kazi ya karatasi anajua kwamba ukimya wa namna hiyo unaweza kumgharimu afisa nafasi yake, na katika mji ulioshikwa na jeshi geni, zaidi ya nafasi.

Zwartendijk alinakili maneno yale kwenye hati ya mume wa Pessla tarehe 22 Julai 1940. Habari ikaenea upesi. Kuanzia tarehe 24 watu walijaa ofisini kwake, na yeye akaketi akiandika kwa mkono, mstari uleule wa Kifaransa, hati baada ya hati. Mkono uliposhindwa, ukachongwa mhuri wenye maneno yale, zikabaki namba, tarehe na sahihi. Alifunga ofisi tarehe 3 Agosti, siku Lithuania ilipoingizwa rasmi katika Umoja wa Kisovieti. Namba kubwa kabisa inayojulikana kwenye hati hizo ni 2,345, na hati moja mara nyingi ilibeba familia nzima. Nyumbani alikuwa na mke na watoto watatu wadogo.

Karatasi yake ilikuwa pete ya mwisho, ile ya mwisho wa safari. Sugihara, ambaye ofisi yake ilikuwa katika mji huohuo, aliweza sasa kutoa viza ya kupita Japani kwa sababu ipo nchi inayotajwa mbele. Wasovieti nao wakatoa ruhusa ya kutoka, na tiketi za treni zililipiwa kwa dola za Marekani. Wawili hao hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Watu wakapanda treni kuvuka Siberia hadi Vladivostok, wakavuka bahari hadi bandari ya Tsuruga, wakafika Kobe. Curaçao yenyewe ilikuwa jina tu la kuandikwa. Kutoka Kobe wengine walikwenda Marekani, Kanada au Palestina, na wengi wakaishia Shanghai. Miongoni mwao walikuwamo walimu na wanafunzi wa chuo cha dini ya Kiyahudi cha Mir, ambacho kilisafiri karibu chote kwa pamoja.

Waliobaki Kaunas walikutwa na Wajerumani mwezi Juni 1941. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo, kwenye Ngome ya Tisa nje ya mji, waliuawa Wayahudi 9,200 kwa siku moja. Wauaji wenyewe waliandika hesabu: watoto peke yao walikuwa 4,273.

Zwartendijk alichoma nyaraka za ofisi yake, akarudi na familia Uholanzi iliyotekwa, akaendelea kufanya kazi Philips huko Eindhoven na kufunga mdomo. Kama Wajerumani wangejua, asingepona. Lakini vita viliisha, na hata hapo hakuna aliyemshukuru rasmi. Miaka ya 1960 habari zake zilipoanza kusikika, Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yake ilimkaripia kwa kuvunja kanuni za ukonsuli. Nikisoma hayo napandwa na hasira hadi leo. Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, ilimtambua kuwa Mwenye Haki Miongoni mwa Mataifa, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi, mwaka 1997, na mwaka 2018 taa zaidi ya elfu mbili zilitundikwa kwa umbo la mzunguko mbele ya jengo la ofisi yake ya zamani, barabara ya Laisvės, Kaunas.

Kwa muda wote huo wa ukimya jambo moja lilimsumbua: hakujua kama watu wale walifika. Angeweza kuwa amewaandikia karatasi ya kwendea kufa Siberia. Watafiti walifuatilia, wakakuta kwamba wengi mno wa waliosafiri kwa hati zake walinusurika. Barua yenye jibu hilo ilifika nyumbani kwake mwaka 1976, yeye akiwa ameshafariki.